Mwalimu Ruweida na Mlango wa Miraba Miwili

Waliotutangulia walitusimulia, nasi twaipokeza kama tulivyoipokea, ya kwamba katika mji wa Jauhara, uliojengwa juu ya jabali jeupe pasipo mto wala ziwa, alitawala Sultani Ghalibu bin Mardani, mfalme mwadilifu mwenye hazina na majeshi na ulimi wa upole, na raia zake walikuwa wakinywa na kuoga na kumwagilia mikomamanga yao kwa maji yasiyokauka, na maji hayo hayakupandishwa na ng'ombe wala na mtumwa, bali na jini.

Jini huyo aliitwa Kirimadi, na mmoja wa mababu zake Sultani alikuwa amemfunga kwa ahadi chini ya birika la jumba la enzi, akamlazimisha kuyasukuma maji kutoka matumboni mwa ardhi. Lakini jini hafungwi bure, na ahadi ile ilikuwa na shubiri ndani yake. Kila mrithi wa kiti akifikia umri wa kuoa au kuolewa, Kirimadi angetoka birikani mbele ya baraza amtajie namba moja, na mrithi angepaswa kuipasua mpaka kwenye vigawo vyake, yaani zile namba ndogo ambazo zikizidishwa pamoja huizaa ile kubwa. Akiiweza, jini angetumika enzi nyingine nzima. Akishindwa, jini angemchukua mrithi akamtumikie yeye, na maji angeyaacha yalale huko chini. Kwa sababu hiyo watoto wa masultani wa Jauhara walifundishwa kupasua namba kabla ya kufundishwa kupanda farasi, na mwalimu wa hesabu katika mji ule alikuwa na heshima kuliko jemadari.

Sultani Ghalibu hakuruzukiwa ila mtoto mmoja, binti, jina lake Mwana Adila. Na alipotafuta wa kumfundisha, watu wote walimtajia jina moja tu, nalo ni Ruweida binti Sudi.

Huyu Ruweida alikuwa mwanamke mrefu, mwenye macho makali na sauti ya taratibu, aliyesoma kwa baba yake na baba yake alisoma kwa babu yake, na hakuwa ameolewa, si kwa kukosa wachumba, ila yeye alimwona kila mchumba kuwa mrefu wa maneno na mfupi wa hesabu. Akipita sokoni wachuuzi wa zabibu walishikana mikono wakaambiana, "Yule ndiye," naye alijifanya hasikii, na masikio yake yalikuwa yakisikia mpaka mwisho wa uchochoro. Hiyo ndiyo iliyokuwa mali yake na mume wake na watoto wake, ile "yule ndiye".

Akaanza kumfundisha Mwana Adila, na mwanzo ilikuwa raha tupu. Alimfundisha namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa nafsi zao, kama saba na kumi na moja na kumi na tatu. Akamfundisha kuijaribu namba kwa tasa moja baada ya nyingine, kama mtu ajaribuye funguo katika kufuli. Kisha akampandisha kwenye aljebra, ambako namba isiyojulikana wao waliiita kitu, na huko nako mtajo mrefu, yaani vitu na namba zilizounganishwa pamoja, hupasuliwa kama namba.

"Mraba wa kitu, na vitu saba, na kumi na mbili," Ruweida alisema siku moja.

"Kitu na tatu, mara kitu na nne," akajibu Adila.

"Umejuaje?"

"Nimetafuta namba mbili ambazo zikijumlishwa ni saba na zikizidishwa ni kumi na mbili. Zilikuwa zimekaa pamoja, Mwalimu, zinanisubiri."

Ruweida akacheka, akambusu kwenye paji la uso, na siku ile alikwenda kwake akiimba.

Lakini ikaja siku nyingine, akampa elfu moja mia tano arubaini na saba, namba ambayo yeye mwenyewe alipokuwa msichana ilimla asubuhi nzima mpaka akalia. Adila alikuwa akimenya chenza. Hakuliweka chini chenza. Alisema, "Saba, mara kumi na tatu, mara kumi na saba," kisha akamega chenza lile vipande viwili, akampa mwalimu wake nusu.

Ruweida akalitia mdomoni, na likamkaa kooni. Alikuta nafsi yake inauliza, na sauti ilikuwa yake mwenyewe, "Kwa nini yeye hakulia?"

Toka siku ile kijicho kikaingia ndani ya kifua chake kama mchwa aingiavyo katika boriti, kwa nje ni rangi nzuri na kwa ndani ni unga. Akawa akichagua namba ngumu si ili Adila ajifunze, bali ili akwame. Na Adila hakukwama. Akawa akimtazama vidole vyake vidogo juu ya ubao wa mchanga akivichukia, kisha akijichukia kwa kuvichukia, kisha akivichukia zaidi kwa kuwa vimemfanya ajichukie. Na lililomzidishia moto ni kwamba yule binti alimpenda, alimwekea tende bora, alimfungulia mlango kwa mkono wake, na aliwaambia wageni wote, "Haya yote ni ya Mwalimu wangu." Mtu akikuonea uadui unaweza kumchukia ukapumzika, lakini anayekupenda utamfanya nini?

Basi ikatokea siku ya baraza, akaja mgeni mwanachuoni kutoka nchi ya mbali, na kwa maskhara ya wanachuoni akamtajia Ruweida namba, elfu moja mia nne na kumi na moja, akamwuliza ina nini ndani. Ruweida akaipitisha haraka moyoni mwake, kwa kuwa macho ya watu wote yalikuwa juu yake, akasema, "Hiyo ni tasa."

Kisha ikasikika sauti ya Adila kutoka nyuma ya pazia, ndogo, yenye adabu, kama ya mtu amwambiaye mwenziwe kuwa ukaya wake wa kichwani umeteleza. "Mwalimu, nadhani kumi na saba inaingia. Mara themanini na tatu."

Mgeni akahesabu kwa vidole, akainama kuelekea pazia. Na Waziri Mkuu, mzee Tajudini, akatabasamu ndani ya ndevu zake akasema, "Mashallah, kijungu kipya kimekizidi cha zamani kwa kuivisha."

Ruweida alitabasamu pamoja nao. Alikaa mpaka baraza likaisha, akaaga kwa utaratibu, akatoka hadi uwani penye birika la maji akainama kunawa uso, maana uso ulikuwa unamchoma. Na alipoyatia mikono maji yale, maji yakamtazama.

"Bibi Ruweida," maji yakasema, na ndani yake palikuwa na uso mpana wa rangi ya shaba, wenye macho mawili ya manjano kama malimau. "Mimi ni mfungwa, nawe ni mfungwa. Nimefungwa na ahadi ya wafu, wewe umefungwa na mtoto mdogo."

Ruweida akarudi nyuma hatua moja. "Audhubillahi," akasema. "Una nini nami, ewe Kirimadi?"

"Sina kitu nawe. Nauliza tu. Je, umeshamfundisha mlango wa miraba miwili?"

Na mlango huo ndugu zangu ndio uliokuwa siri ya ukoo wa Ruweida, hakuna mwingine aliyeujua katika Jauhara. Babu yake alimpa baba yake, na baba yake alimpa yeye, kuwa ukiikuta namba ambayo ni mraba mkubwa uliopunguziwa mraba mdogo, usihangaike kujaribu tasa moja moja. Chukua ubavu wa mraba mkubwa ukauongezee ubavu wa mdogo, kisha uupunguzie, na hizo mbili ndizo vigawo.

"Bado," akasema Ruweida.

"Ukishampa huo, utabakiwa na nini?" jini akauliza, na sauti yake ilikuwa ya huruma kabisa. "Usimfundishe, nami nitakupa pete ambayo ukiivaa hakuna namba itakayojificha kwako mpaka siku ya kufa. Hutaaibika tena mbele ya mtu."

"Sifanyi mapatano na majini," akasema Ruweida, akaondoka, na akakaza nia kwamba kesho yake asubuhi jambo la kwanza ni kumfundisha Adila ule mlango.

Kesho yake akamfundisha jambo jingine. Na kesho kutwa alisema moyoni, mtoto amechoka. Na wiki iliyofuata alisema, hazijakaa sawa zile za nyuma. Na hivyo siku zikaenda, hakuna siku hata moja aliyosema, "Sitamfundisha," na hakuna siku hata moja aliyomfundisha. Na asubuhi moja alipofunua kijaluba chake cha wanja alikuta ndani yake pete ya yakuti, baridi kama samaki.

Akaenda mbio birikani. "Sikufanya mapatano nawe!"

"Mapatano hayataki ulimi," maji yakamjibu, yakatulia.

Hakuivaa pete ile. Wala hakuitupa.

Ikafika siku ya ahadi. Baraza likajaa, mazulia yakatandikwa uwani kuzunguka birika, wanawake wa mji wakajaa juu ya madari, na Sultani akakaa kwenye kiti chake. Mwana Adila akatoka amevaa hariri ya kijani, akapita mbele ya Ruweida, akaubusu mkono wake. "Niombee, Mwalimu," akasema.

Maji yakapanda, yakasimama kama nguzo, na Kirimadi akatoka ndani yake, kichwa chake kikipita paa la jumba. Akaweka chini chombo cha mchanga wa kupimia saa, akasema kwa sauti iliyotikisa vikombe, "Ewe mrithi wa Jauhara, nipasulie elfu tisa mia tisa tisini na moja kabla mchanga huu haujaisha. Na mwingine yeyote akifungua kinywa, nimeshinda."

Ruweida alipoisikia, aliiona papo hapo, kama mtu auonavyo mlango wa nyumba yao. Mia mara mia ni elfu kumi. Tatu mara tatu ni tisa. Elfu kumi kutoa tisa. Mraba mkubwa uliopunguziwa mraba mdogo. Tisini na saba mara mia na tatu. Mtoto angeijibu kabla mchanga haujagusa chini, kama angekuwa amepewa mlango.

Adila hakuwa na mlango. Alipiga magoti kwenye ubao wake wa mchanga akaanza kujaribu funguo. Saba, hapana. Kumi na moja, hapana. Kumi na tatu, hapana. Vidole vilikimbia, na hata katika saa ile Ruweida aliuonea wivu wepesi wake. Ishirini na tisa, hapana. Arubaini na saba, hapana. Mchanga wa jini ulikuwa ukishuka kama maziwa. Mara moja Adila aliinua macho akamtazama mwalimu wake, si kwa kuomba msaada, bali kwa kujitia nguvu, kama mtu atazamaye nyumba yao akiwa safarini. Ruweida akainamisha kichwa. Sitini na moja, hapana. Na mchanga ukabaki chembe.

"Naona," akasema Adila, na sauti ikamkatika, "naona hiyo ni tasa."

Kirimadi alicheka mpaka vigae vikaanguka. "Tisini na saba mara mia na tatu," akasema, akainyoosha mikono yake ya shaba akambeba yule binti kama abebavyo mtu kanga, akazama naye. Birika likanywa maji yake yote kwa pumzi moja, na chini yake pakabaki udongo mkavu na ngazi ya mawe inayoshuka gizani.

Basi huzuni ikaingia Jauhara na kiu ikaingia nyuma yake. Makomamanga yakadondoka yangali mabichi, mama wakakamua umande kutoka kwenye majani, na misafara ikaanza kuteremka jabali pasipo kuaga. Askari wa Sultani waliishuka ile ngazi wakakuta mlango wa chuma usio na komeo, umejaa namba zilizochongwa, wakarudi. Na Sultani akawa hali chakula. Siku moja akamwita Ruweida mbele ya baraza, akamwuliza pasipo lawama yoyote, "Mwalimu, ile namba, je, wewe ungeiweza?"

"Ningeiweza, bwana wangu," akasema Ruweida.

Minong'ono ikapita barazani. "Laiti angekuwa yeye," akasema mzee Tajudini. "Hakika hakuna mwingine kama Ruweida binti Sudi." Na wengine wakaitikia, hakuna, hakuna. Hiyo ndiyo sifa aliyoililia ngoa mchana na usiku, amepewa mbele ya watu wote, na mwenye kumshinda hayupo tena. Na akaitafuta raha ndani yake akakuta majivu.

"Ee Sultani, Mungu akuzidishie umri," akasema, "nipe ruhusa nishuke."

Akaruhusiwa. Akaenda kwake, akatoa pete kijalubani akaivaa, akashuka ngazi. Na alipoufikia mlango wa chuma akainua taa asome namba zilizochongwa, hakuwahi kuzisoma, kwani pete ilishazipasua zote kabla jicho halijafika, zikafunguka kama maganda ya mbaazi kavu, mlango ukaachia. Ruweida akasimama pale kizingitini, na badala ya kufurahi alihisi jambo la ajabu. Aliionea wivu pete.

Ndani alikuta ukumbi wa chumvi unaong'aa pasipo taa, umetandikwa mazulia ya kila rangi, na katikati yake ameketi Mwana Adila, amekonda, na makasi mkononi. Kazi aliyopewa na jini ilikuwa kukata mazulia kwa vipimo vya mitajo anayomtajia. Alipomwona mwalimu wake alitupa makasi akamkimbilia akamkumbatia shingoni.

"Nilijua utakuja," akasema. "Njoo uone kitu, njoo, kabla hajarudi." Na kwa furaha ya mtu aliyesahau kwamba ni mfungwa, akamvuta mpaka kwenye zulia moja la mraba. "Nilikaa nikiifikiria ile namba iliyoniangusha. Tazama. Huu ni mraba mkubwa. Nakata pembeni mraba mdogo, nautupa. Kimebaki kipande chenye kiwiko, sivyo? Sasa nakikata hapa, nakigeuza, nakiunga huku." Akakiunga. Lilikuwa zulia refu lililonyooka, halina kiwiko. "Urefu wake ni mbavu mbili zilizojumlishwa. Upana wake ni mbavu mbili zilizopunguzana. Kila mraba uliopunguziwa mraba hupasuka hivi, Mwalimu, kila mmoja!"

Ruweida alilitazama zulia lile. Maisha yake yote alikuwa ameujua ule mlango kama mtu ajuavyo dua ya lugha asiyoifahamu. Aliijua kanuni, na baba yake aliijua kanuni, wala hakuna katika ukoo wao aliyejua ni kwa nini. Na mtoto huyu, chini ya ardhi, akiwa na njaa, ameona kwa nini. Husuda ikampanda mpaka kwenye meno, hata pale, hata saa ile, akajistaajabia nafsi yake.

Adila alikuwa akimtazama, na tabasamu lake likapungua kidogo kidogo. "Wewe hukushangaa," akasema. "Ulikuwa ukiujua?"

"Nilikuwa nikiujua."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipokuwa mdogo kuliko wewe."

Adila akaketi juu ya zulia. "Mimi nilijilaumu," akasema polepole. "Nilisema pengine alinifundisha siku moja nami nilisinzia. Nimekuwa nikiitafuta hiyo siku katika kichwa changu, nisiione."

"Haikuwapo, mwanangu. Nilikunyima. Nilikuonea kijicho, na sasa hivi bado ninakuonea, na sijui dawa yake. Nimekuja kukutoa; hilo tu ndilo ninaloliweza."

Adila akaanza kuokota vipande vya zulia kimoja kimoja, na machozi yakamdondoka juu yake, na Ruweida hakuthubutu kumgusa.

Ndipo Kirimadi alipoingia, akajaza ukumbi. Akaiona pete kidoleni mwa Ruweida akatabasamu. "Karibu, rafiki yangu," akasema. "Ahadi inasema anayeufungua mlango wangu ana haki ya mtihani mmoja. Basi nitataja mtajo mmoja kwenu nyote wawili. Atakayeupasua hata mwisho, asibakize kinachopasuka wala asipasue kisichopasuka, huyo atatoka na maji ya mji wake yatarudi. Atakayetanguliwa atabaki nami. Na atakayekosea, mtabaki wote." Akaufurahia wivu wao kama mtu anusavyo udi. "Mraba wa mraba wa kitu, kutoa kumi na sita."

Na pete ikajibu. Ikajibu kabla Ruweida hajafumba jicho, jibu zima likamkaa juu ya ulimi, tamu, tayari kutoka. Akamtazama Adila, aliyekuwa amefumba macho, midomo ikimcheza. Alijua akisema neno moja tu atapanda ngazi akiwa wa kwanza, na maji yatapanda nyuma yake, na mji mzima utasema "yule ndiye" mpaka siku ya kufa kwake. Akajua pia kwamba yule hatakuwa yeye. Itakuwa ni pete.

Akaivua akaitupa. Ilipogusa chumvi ikageuka tandu mweusi, ikakimbilia chini ya zulia, na jibu likamfutika Ruweida ulimini, akabaki na kichwa chake mwenyewe tu, chenye mvi mbili tatu, kinachokwenda pole pole.

"Nimeona," akasema Adila. "Kumi na sita ni mraba wa nne. Ni miraba miwili! Mraba wa kitu kutoa nne, mara mraba wa kitu na nne." Na akavuta pumzi aseme amemaliza.

Kirimadi akainama mbele, macho yakimwaka.

"Subiri," akasema Ruweida. "Mwanangu, kasoro yako ni moja nami sijapata kukwambia, kwa sababu niliifurahia. Unawahi kutoka. Umefungua mlango wa nje. Angalia, hicho chumba cha ndani hakina mlango?"

Adila akaurudia mtajo. Kisha akasema, "Mraba wa kitu kutoa nne. Nne nayo ni mraba wa mbili." Uso ukamchangamka. "Kitu kutoa mbili, mara kitu na mbili."

"Na kile kingine?"

"Mraba wa kitu na nne." Adila akakitazama kwa muda mrefu, akakigeuza ndani ya kichwa chake, akajaribu hivi na vile, na akamtupia jini jicho. Ruweida alijua ni kwa nini. Neno lililotakiwa hapo lilikuwa ni lile lile lililomwangusha mbele ya baba yake.

"Siku ile ulilisema kwa kuchoka," Ruweida akamwambia taratibu. "Leo umejaribu kila upande? Usimtazame yeye. Utazame mtajo."

"Nimejaribu kila upande, Mwalimu. Hapa miraba imejumlishwa, haikupunguzana. Hakuna pa kukata." Akageuka kwa jini, akasimama wima. "Kitu kutoa mbili, mara kitu na mbili, mara mraba wa kitu na nne. Na hicho cha mwisho hakipasuki. Ni tasa."

Kirimadi alinguruma kama jabali linalopasuka, lakini jini hana hila mbele ya jibu sahihi. "Umeshinda, toka," akasema. "Na huyu mwenzako ametanguliwa. Atabaki."

"Hakutanguliwa," akasema Adila.

"Wewe umejibu, yeye hakujibu."

"Hutanguliwa anayekimbia, ewe Kirimadi. Huyu hakukimbia, alikuwa akinifundisha. Wewe umeishi miaka isiyohesabika. Niambie wapi uliona mwalimu akasemwa ametanguliwa na mwanafunzi wake katika jibu alilomfundisha yeye? Neno ni lako mwenyewe. Litimize kama ulivyolitamka."

Na majini hufungwa kwa maneno kuliko kwa minyororo. Kirimadi alifikiri, akatafuta pa kutokea, hakupaona. Akageuka maji mbele ya macho yao, na maji yakawainua wote wawili, yakawapandisha katika giza la ngazi mpaka wakatokea birikani, mchana mweupe, wamelowa, na mji mzima ukasikia mifereji ikicheka.

Sultani alimkumbatia binti yake akalia pasipo haya. Na alipotaka kumvika Ruweida joho la heshima, Ruweida alipiga magoti akayasema yote aliyoyafanya, toka chenza mpaka pete. Uso wa Sultani ukabadilika, na mkono wake ukaenda kwenye jambia.

"Baba," akasema Adila. "Ni mimi niliyechukuliwa. Haki ya kusamehe ni yangu au ni yako?"

"Ni yako," akasema Sultani, akauondoa mkono kwenye jambia.

"Basi sijasamehe bado," akasema Adila, na watu wakashtuka. "Lakini nitasamehe, najijua. Mpaka siku hiyo ifike, mpe nyumba kubwa penye soko, na kila mtoto wa Jauhara atakaye, wa waziri na wa mpiga chokaa, aingie asome, asinyimwe mlango hata mmoja."

Ikawa hivyo. Baadaye Mwana Adila aliozwa kwa Amiri Shukrani, mwana wa mfalme wa bonde la mashariki, kijana mpole aliyekuja kumposa, akajaribiwa kwa namba tatu, akashindwa mbili, akacheka mwenyewe, na hicho kicheko ndicho kilichompa mke. Mji ukapambwa, ngoma zikapigwa, watu wakala mpaka mbwa wakachoka. Na siku ya harusi bibi harusi alimwita Ruweida amketishe upande wake wa kulia, akamnong'oneza sikioni neno ambalo hatukupokezwa, na Ruweida akafunika uso kwa ukaya wake kwa muda mrefu. Kisha akapewa bustani ya mikomamanga na sanduku la dhahabu, na mali yake ikawa nyingi, na nyumba yake penye soko ikajaa watoto na mchanga na kelele.

Wala kijicho hakikumwacha moja kwa moja. Asubuhi moja binti wa mpiga chokaa alipasua mtajo kwa njia ambayo Ruweida hakuwahi kuiota, na mchwa yule wa zamani akamng'ata pale pale pa siku zote. Akakitambua kijicho chake. Akashusha pumzi, akasogeza mkeka wake karibu, akasema, "Rudia mwanangu, polepole, nami nijifunze."

Na hii ndiyo habari iliyotufikia ya Jauhara na maji yake; aliyeipenda na aihifadhi, na aliyechoka akalale. Na mafunzo yake ni haya: elimu ukimnyima mwenzio haiongezeki kwako, na husuda haifi kwa kufichwa, bali hupungua nguvu kwa mtu aitajaye kwa jina lake akaendelea na kazi.